Mstari Uliomfungulia Mama Hélène

Shituru, Likasi, Jumanne tarehe 16 Januari 2024

Yaya Laure mpendwa,

Dada yangu, barua hii nimempa Mama Philomène, ambaye kila Jumatano anakuja huko Kapolowe kununua mahindi na viazi vitamu. Anarudi Ijumaa. Kwa hiyo ukiniandikia Alhamisi nitapata jibu wiki hii hii. Papa anasema siku simu yako itakapopona tutaacha habari ya karatasi, lakini mimi naipenda. Kwenye simu huwa nauliza nusu ya swali, halafu unité zinaisha.

Mashine nane ulizotuwekea shuleni zote ni nzima. Ufunguo wa chumba ninao, na neno la siri la msimamizi uliloniachia sijamwambia mtu, hata Princesse, ingawa tunakaa benchi moja na ananiuliza kila siku.

Nina maswali mawili. La kwanza ni juu ya ile programu inayotokea kabla ya vyote, yenye majina yetu na kisanduku cha kuandikia neno la siri, ile uliyoiita sentinelle kwa sababu inasimama mlangoni. Kabla mtu hajaingia, ni nani anayeonyesha ile picha? Mashine inafanya kazi kwa jina la nani wakati hakuna mtu ndani? Nilimuuliza mwalimu wa fizikia. Akaniambia niulize mambo yatakayotoka kwenye Exetat, eti mtihani wa taifa haungoji.

La pili ni juu ya Mama Hélène, karani wetu. Unakumbuka meza yake iko pembeni mwa chumba chetu, kwa sababu kule ofisini hakuna prizi ya umeme. Mashine ya kwanza ni yake, ndiyo yenye pointi zetu zote za mitihani. Kila asubuhi anaandika neno lake la siri kwa kidole kimoja, mbele yetu sisi arobaini, na mashine inamkataa. Anaandika tena, inamkataa, siku nyingine mpaka mara ya kumi. Jana Ricky akasema kwa sauti, "Mama, masine haikujue. Onyesha carte d'électeur." Darasa zima likacheka, kama vile mashine ni askari anayedai kitambulisho. Mama Hélène alicheka pia, lakini niliona anapangusa mikono kwenye kikwembe chake kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

Je, sentinelle inaweza kuambiwa impitishe mtu mmoja bila kumuuliza?

Mdogo wako,
Fidélie

*

Kapolowe, Alhamisi tarehe 18 Januari 2024

Fidélie,

Barua yako imefika na harufu ya samaki, kwa hiyo najua Mama Philomène hanunui viazi tu.

Swali lako la kwanza limenifurahisha kuliko yote niliyoulizwa na wanafunzi wangu hapa misheni tangu Septemba. Sentinelle ina jina lake yenyewe. Inaitwa lightdm, na mashine inaihesabu kama mtu, ila ni mtu asiye na nyumba wala mafaili. Kazi yake ni kusimama mlangoni tu. Na nikuambie jambo lililonishangaza mimi nilipojifunza: hata yenyewe haijui neno lako la siri. Inalipokea, inalipeleka kwa mwingine aliye ndani, na huyo anajibu ndiyo au hapana. Halafu inakurudishia jibu.

La pili: inawezekana. Kuna faili la maagizo yake, /etc/lightdm/lightdm.conf. Ndani yake unatafuta mstari unaoanza na autologin-user= na mbele yake unaandika jina la mtu. Mashine ikiwashwa, sentinelle inampitisha huyo moja kwa moja.

Sasa nisikilize. Mstari huo ni wa mashine ambayo kila anayepita anaweza kusoma vyote vilivyomo. Usiuweke kwa Mama Hélène. Nadhani tatizo lake si vidole. Zile kibodi zilitoka Uingereza, na sisi tulibandika vikaratasi juu ya herufi ili ziwe kama za Kifaransa. Sentinelle labda bado inazisoma kwa Kiingereza, kwa hiyo Mama Hélène anabonyeza A na yenyewe inapokea Q. Kwenye kisanduku anaona vidoa tu, hawezi kujua. Dawa yake ipo, nimeiandika kwenye daftari lililobaki ndani ya sanduku kwa masista. Nikilipata nitakutumia. Kwa sasa mwambie Ricky afunge mdomo.

Mvua imekata barabara ya shamba. Tuko wazima.

Laure

*

Shituru, Jumanne tarehe 30 Januari 2024

Yaya Laure mpendwa,

Asante kwa jibu. Nimefikiri sana juu ya huyo asiye na nyumba. Niliingia nikatafuta, nikamkuta kweli kwenye orodha ya watu wa mashine, na baada yake wengine wengi ambao sijawahi kuwasikia. Mmoja kazi yake ni kuchapisha tu. Kumbe tulikuwa tunafikiri chumba ni kitupu.

Usijisumbue tena kutafuta daftari kwa ajili ya Mama Hélène. Anaendelea vizuri. Asubuhi anafika, mashine yake inafunguka, anaanza kazi. Anaimba, hata. Ricky hana la kusema.

Nikuambie habari ya kuchekesha. Jessy wa darasa letu anasali kanisa moja na Mama Hélène, kule Kikula. Anasema Jumapili Mama Hélène alisimama kutoa ushuhuda. Akasema, "Bapendwa, mu kazi yangu kuko masine. Miaka mbili inanikatala, inanipatisha haya mbele ya batoto. Nikafunga kula siku tatu. Siku ya ine nafika, nabonyeza, masine inafunguka bila kuniuliza hata neno moja." Jessy anasema watu walipiga vigelegele na mchungaji akamwita mbele.

Wiki hizi mvua inapiga nyaya za umeme, courant inakatika na kurudi. Unajua desturi yetu: courant ikirudi, mwenye zamu ya kufagia ndiye anayewasha mashine zote, ili darasa likute ziko tayari. Princesse ameanza kufundisha watu wa zamu namna ya kuziwasha kwa mpangilio ili fuse isiruke. Anafaa kuliko mimi kwa mambo ya umeme. Anasema Exetat ikipita atasoma umeme wa viwandani Lubumbashi, na baba yake kule Kakanda amekubali, sharti apate asilimia sitini.

Mdogo wako,
Fidélie

*

Kapolowe, Alhamisi tarehe 1 Februari 2024

Fidélie,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nafurahi kwa Mama Hélène. Lakini mashine iliyomkataa mtu miaka miwili haibadiliki bila mkono wa mtu kuigusa. Sisemi kitu juu ya maombi ya mtu. Nasema juu ya mashine.

Umebadilisha nini?

Laure

*

Shituru, Jumanne tarehe 13 Februari 2024

Yaya Laure mpendwa,

Tuna shida shuleni.

Alhamisi iliyopita Princesse alikuwa na zamu ya kufagia. Courant ilirudi saa moja na dakika kumi, akawasha mashine zote. Dakika chache baadaye Préfet mwenyewe, mkuu wa shule nzima, aliingia kutafuta chaki, akamkuta amesimama na ufagio mbele ya mashine ya Mama Hélène, na pointi za darasa letu la sita zimefunguka zote. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo. Nilisikia kila neno.

Préfet akasema, "Ni nani alikupatia neno la siri?"

Princesse akasema, "Hakuna, Préfet. Niliwasha tu. Imefunguka yenyewe."

"Yenyewe. Minye niko mu hii shule miaka makumi mbili. Sijaona mulango unafunguka wenyewe."

Wakamwita Mama Hélène. Wakamuuliza kama alimpa mtu neno lake. Akaapa hakumpa mtu, na ni kweli. Wakamuuliza kama Princesse amewahi kusimama nyuma yake akiandika. Akasema batoto bote banasimama nyuma yake. Hawakumuuliza kitu kingine, naye hakuongeza kitu.

Princesse amerudishwa kwa baba yake Kakanda mpaka baraza la walimu likae, Ijumaa tarehe 23. Wakimhukumu kwamba aliiba neno la siri ili kubadilisha pointi, jina lake halitaingia kwenye orodha ya Exetat, na orodha inapelekwa mwisho wa mwezi huu. Kaka yake anasema baba amekwisha kumtafutia kazi kwa mama mmoja anayewauzia chakula creuseurs, wale wachimbaji wa mashimo.

Swali langu ni hili. Kama mtu alibadilisha maagizo ya sentinelle, kisha jioni ya siku ileile akayarudisha kama yalivyokuwa, je, mashine inakumbuka? Au ni kama jambo halikutokea?

Mashine imeanza tena kumkataa Mama Hélène. Anasema neema imeondoka chumbani kwa sababu ya wizi.

Fidélie

*

Kapolowe, Alhamisi tarehe 15 Februari 2024

Mdogo wangu,

Hukujibu swali langu la tarehe moja. Sasa silihitaji jibu.

Najua ulimwonea huruma Mama Hélène. Najua pia ulitaka kuona kama mstari ule unafanya kazi kweli. Mimi ningetaka kuona. Na mimi ndiye niliyekuandikia mstari mzima, mpaka alama ya usawa, kisha nikakuambia usiuguse. Hiyo ni sehemu yangu. Lakini kuufuta baada ya Princesse kukamatwa, hiyo haikuwa huruma wala udadisi. Ni hiyo peke yake ninayokulaumu.

Mashine inakumbuka. Kuna faili liitwalo auth.log, ndani ya /var/log. Humo kila anayepita mlangoni anaandikwa: siku, saa, jina, na mlango aliopitia. Aliyeandika neno la siri anaandikwa kwa lightdm tu. Aliyepitishwa bila kuulizwa anaandikwa lightdm-autologin. Tafuta tarehe 8 Februari baada ya saa moja asubuhi. Lakini kumbuka mashine inahesabu kwa Kifaransa, kwa hiyo itakuwa 07. Wala usingoje, kwa maana kurasa za zamani inazitupa baada ya wiki chache.

Naweza kuja. Nikija, Préfet atanisikiliza, kwa sababu mimi ni mtu mzima na ndiye niliyezileta mashine. Princesse atapona, na wewe utakuwa umesimama nyuma yangu. Ukitaka hivyo, mwambie Mama Philomène tu, nitapanda gari kesho yake.

Nakupenda hata hivyo.

Yaya wako,
Laure

*

Shituru, Jumapili tarehe 25 Februari 2024

Yaya Laure mpendwa,

Sikumwambia Mama Philomène uje. Nisamehe, ningependa kukuona.

Jumatatu nilifungua faili. Mstari upo. Saa 07:13, session opened for user helene, na mbele yake lightdm-autologin. Nilikaa nikiutazama muda mrefu. Si huo tu. Ipo mistari kama huo ya kila asubuhi tangu tarehe 22 Januari, siku niliyoandika jina lake. Nilikuwa nafikiri nimefanya kitu cha siri, kumbe kulikuwa na anayeandika.

Nilitaka kwenda kwa Préfet siku hiyohiyo. Miguu ikaenda Kikula. Niliona si haki Mama Hélène asikie habari ile mbele ya walimu, mtu aliyesimama kanisani akaisema kwa kinywa chake.

Nilimkuta uani kwake anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza tangu mwanzo, nikiwa nimesimama. Hakuacha kutwanga. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo haikukuwa Mungu."

"Ilikuwa minye, Mama."

"Na minye nilisimama mbele ya bantu mia tatu."

Akaongeza majani kwenye kinu.

"Weye ulinifanyia ile juu ya nini?"

"Juu Ricky na benzake balikuwa banakucheka."

Hapo akaacha mchi. Akanitazama kama vile ananipima nguo. "Minye nilifunga kula siku tatu," akasema, "nikiomba Mungu atume mutu anisaidie. Sikumwambia atume masine." Akaanza kutwanga tena. Kisha akasema, "Lakini kunyamaza mbele ya Préfet, ile haikukuwa Mungu na haikukuwa weye. Nilijua masine inafunguka yenyewe. Niliogopa batasema minye nilizembea. Rudi nyumbani. Ijumaa tutaenda babili."

Ijumaa barazani walikuwa walimu tisa na Préfet. Nilikuwa nimejitayarisha kusema kwanza, nilikuwa nimeandika hata kwenye karatasi, lakini Mama Hélène alisimama kabla yangu. Akasema, "Masine yangu ilikuwa inafunguka yenyewe tangu wiki mbili kabla ya ile siku. Nilijua. Nilinyamaza. Mutoto Princesse alisema kweli."

Préfet akamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Juu nilikuwa nimeisha kushukuru, Préfet. Ni ngumu kurudisha shukrani."

Mwalimu wa fizikia alitaka kucheka, akakohoa. Ndipo nikasema yangu. Nilisema niliandika mstari, na nilisema niliufuta. Sehemu ya pili niliisoma kwenye ile karatasi. Préfet hakuamini mpaka tuende chumbani. Courant haikuwapo. Tulingoja sisi wote, walimu tisa wamekaa kwenye benchi zetu kama wanafunzi, dakika arobaini. Iliporudi nikafungua faili, nikaweka kidole kwenye mstari. Préfet akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, tarehe na saa, halafu akauliza kama mtu anaweza kuandika mstari ule kwa mkono ili kudanganya. Nikamwambia mwenye neno la msimamizi anaweza. Akauliza, "Ni nani iko nalo?" Nikasema ni mimi peke yangu. Akanitazama. "Basi hii faili inashuhudia kwa nguvu ya neno lako." Nikasema ndiyo. Nadhani ni hapo aliponiamini, sijui kwa nini.

Jina la Princesse limeingia kwenye orodha. Préfet ameandika barua kwa baba yake. Mimi nimenyang'anywa ufunguo mpaka mwisho wa trimestre, na neno la msimamizi litabadilishwa, tafadhali uje ulibadilishe wewe. Mwalimu wa fizikia ndiye atakayelishika. Ananiuliza sasa kila siku sentinelle inafanyaje.

Nilinakili mstari ule kwa kalamu, kwenye karatasi safi, kwa ajili ya Princesse na baba yake, na chini yake nikaeleza kila neno lina maana gani. Niliandika pia kwamba nilimwacha Princesse abebe kosa langu siku kumi na tano. Kaka yake amezipeleka jana Kakanda, barua ya Préfet na yangu. Princesse hajajibu.

Daftari lako la kibodi, ukilipata, Mama Hélène ameomba nimwandikie hatua zote. Anataka kuzifanya kwa mkono wake.

Mdogo wako,
Fidélie

*

Kakanda, Jumatatu tarehe 26 Februari 2024

Fidélie,

Barua ya Préfet Papa aliisoma mara moja akaiweka. Ya kwako aliishika muda mrefu. Alikuwa ametoka kuchimba, mikono yake ilikuwa na udongo, akaniita nimshikie karatasi ili asiichafue. Akauliza, "Hii njo nini, lightdm-autologin?" Nikamsomea maelezo yako. Akauliza tena. Nikamsomea tena. Akasema, "Kumbe masine inaandika kila mutu anayeingia. Huku mu mugodi tungekuwa na kitu sawa vile, bantu benye kubakia mu shimo bangekuwa bazima." Kisha akasema nirudi shule.

Minye nimekukasirikia. Usifikiri imeisha. Siku kumi na tano nilikuwa nabeba sufuria ya bugali mpaka kwenye mashimo, na bale bantu bananiita madame l'ingénieur, juu kaka yangu aliwaambia nilitaka kusoma nini. Weye ulikuwa mlangoni na ndoo. Nilikuona. Nilifikiri utasema.

Lakini kuna kitu karatasi yako haikuandika, na nimemwambia Papa mwenyewe, juu hakuna masine itakayomwambia. Ile asubuhi nilipoona imefunguka, ningeweza kufunga. Sikufunga. Niliangalia. Nilitafuta jina langu, nikaona fizikia thelathini na moja juu ya hamsini. Kiisha nikatafuta la kwako. Préfet aliingia wakati nilikuwa ningali kwenye mstari wako. Papa akasema hiyo nitamwambia Préfet mwenyewe, Jumatano, mbele ya kuingia darasani.

Nitamwambia. Weye utanisindikiza mpaka mlangoni mwa ofisi, na hautaingia, utangoja nje, sawa vile minye ningependa mtu anigoje.

Fizikia ulipata ishirini na tisa.

Princesse